Jicho la Rubani Linaning'inia Nzuguni

Katikati ya stoo yangu, Nzuguni hapa Dodoma, inaning'inia nati ya namba 13. Imefungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, uzi umefungwa kwenye kenchi, na nati yenyewe imetulia sentimita 118 kutoka sakafuni. Wanangu wameigonga kwa vichwa mara nyingi hadi siku hizi wakiingia mle wanaingia wameinama. Hairuhusiwi kuguswa. Mama watoto aliwahi kuuning'inizia ule uzi mfuko wa vitunguu, na siku hiyo tulinuniana mpaka taarifa ya habari ya saa mbili.

Nati hiyo ni jicho la rubani. Pale ilipo ndipo yanapotakiwa kuwa macho ya mtu aliyeketi ndani ya ndege ya kivita aina ya MiG-21bis, na kila ninachokijenga mle stoo, iwe geji, swichi, usukani au kanyagio, hupimwa kutoka hapo. Nilichelewa kulijua hilo. Kuchelewa huko kumenila shiti mbili za plaiwudi, mbao sita, na heshima kiasi mbele ya vijana ninaofanya nao kazi.

Mimi ni mpima ardhi. Nilihamia Dodoma mwaka 2017, mwaka uleule ilipovunjwa CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ujenzi wa makao makuu na viwanja vya mji huu, serikali inahama kutoka Dar es Salaam kwa kishindo na kila mwenye akiba anataka kiwanja. Tangu hapo nimesimika bikoni nyingi kuliko miti niliyopanda. Kwa asiyejua, bikoni ni kile kizege kidogo chenye chuma katikati na namba juu yake, kinachokaa kwenye kona ya kiwanja. Watu hukidharau mpaka siku ya ugomvi. Nimeshuhudia bikoni iliyohamishwa usiku, nusu mita tu, na asubuhi yake ukuta umekuwa wa jirani na choo kimekuwa cha barabara. Kwa hiyo kama kuna mtu mjini hapa aliyetakiwa kujua kwamba kazi huanzia kwenye alama moja isiyotikisika, mtu huyo ni mimi. Na bado nilianza kwa kukata mbao.

Ndege yenyewe ilinianza zamani. Nimekulia Morogoro, na upande wa mashariki mwa mkoa ule kuna Ngerengere, kambi ya ndege za kivita za jeshi letu. Tukiwa shambani, ndege ilikuwa inapita kwanza, halafu ndiyo mlio unafika, na wewe ukiinua shingo kuutafuta mlio unakuta anga tupu. Bibi alikuwa akiutukana ule mlio kwa Kiluguru. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba F-7 za jeshi letu ni MiG-21 iliyoundwa kwa mkono wa Wachina: Warusi waliruhusu, kisha wakakosana, Wachina wakamalizia wenyewe, na ya kwanza ikaruka mwaka 1966. MiG-21 yenyewe ilianza kurushwa kama majaribio mwaka 1955 na kuingia jeshini mwaka 1959. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Hakuna ndege nyingine ya kivita yenye kasi kuliko sauti iliyowahi kuundwa kwa wingi huo. Ni bomba lenye mabawa ya pembetatu na mtu mmoja ameketi karibu na mdomo wake. Linakwenda mara mbili ya kasi ya sauti, halafu linaishiwa mafuta haraka sana.

Septemba 26, 2025 Jeshi la Anga la India liliziaga MiG-21 zake za mwisho pale Chandigarh, baada ya miaka zaidi ya 60 ya kuzirusha. Usiku ule nilikaa na simu mpaka bando likaisha. Nilikuwa natafuta picha za ndani. Nje ya ndege ile naijua, naweza kuichora kwa kijiti mchangani. Ndani ndiko sikuwahi kuona. Na nilipoona, nilishangaa. Chumba kizima kimepakwa rangi ya feruzi, ile bluu inayokaribia kijani, kama kuta za zahanati za zamani. Geji zimejaa kama macho ya buibui. Upande wa kulia swichi zimepangwa safu kwa safu. Na katikati ya dashibodi, mstari mweupe umechorwa kutoka juu kwenda chini, kana kwamba fundi rangi alijaribu brashi akasahau kufuta.

Wenzetu wa Ulaya wenye ugonjwa huu hununua pua nzima ya ndege iliyostaafu, imekatwa nyuma ya kiti, wakaiweka gereji. Mimi hesabu ya kusafirisha tu ilinifanya nicheke peke yangu. Nikaamua kujenga.

Sasa hapa ndipo aibu ilipo. Sikuwa na michoro ya kiwanda, nilikuwa na picha. Lakini nilijua jambo moja: geji nyingi za duara za ndege za Kirusi hukaa kwenye tundu la milimita 80. Nikasema, basi, nina rula ndani ya picha. Nikafungua picha moja nzuri iliyopigwa mbele ya dashibodi, nikapima geji ya mwinuko kwenye skrini, nikapata skeli, nikaanza kupima kila kitu kwa skeli hiyo: upana wa dashibodi, meza za swichi za kushoto na kulia, nafasi ya miguu. Wiki mbili baadaye nilikuwa na fremu ya mbao imesimama stoo, imenyooka, kona zote nyuzi 90. Nikavua viatu, nikapanda kukaa. Mapaja hayakuingia.

Nilijipa kila sababu. Nilijiambia Warusi wa miaka ya hamsini walikuwa wembamba. Nilijiambia labda mimi nimenenepa, jambo ambalo mama watoto aliliunga mkono kwa haraka isiyopendeza. Niliingia mara tatu zaidi, mara ya mwisho nikiwa nimevaa bukta. Binti yangu wa darasa la sita alikuja, akaingia, akakaa vizuri kabisa, akauliza, "Baba, hii ni ndege ya watoto?"

Kosa ni hili. Skeli niliyoipata kwenye geji ya mwinuko ilikuwa ya kweli pale tu ilipo geji, yaani kwenye uso wa dashibodi. Meza za pembeni ziko karibu zaidi na kamera, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Kitu kilicho nusu ya umbali huonekana mara mbili. Mimi nikazipima meza zile kana kwamba ziko kule mbali kwenye dashibodi, nikazipa unene wasio nao, zikanibana mapaja. Na hili nalifundisha! Ukirusha droni juu ya mji huu, mawe ya juu ya Mlima Simba yako karibu na kamera kuliko mapaa ya chini yake, kwa hiyo ukitumia skeli moja kwa picha nzima, jiwe litakuwa na ukubwa wa uongo. Kijana wa mafunzo akinifanyia kosa hilo namrudisha fildi akapime upya na jua lake la saa nane. Nilipowasimulia vijana wangu, mmoja aliuliza kwa upole kabisa kama na mimi nitarudishwa fildi.

Nilirudi. Nilibomoa fremu, nikakaa na karatasi kwa karibu mwezi mzima bila kukata mbao hata moja. Ndipo nikaanza kuwaza kama mpima badala ya kuwaza kama seremala: bikoni ya chumba hiki iko wapi? Haiwezi kuwa kwenye bodi la ndege, kwa sababu bodi sina. Haiwezi kuwa sakafu, maana kwenye picha sakafu haionekani. Jibu lilitoka kwenye kioo cha kulengea.

Juu ya dashibodi ya MiG-21 kuna kioo kilichoinama. Taa iliyo chini yake hutupia duara la mwanga kwenye kioo hicho, rubani analiona duara kana kwamba linaelea mbali angani, analiweka juu ya adui. Lakini duara hilo halionekani kutoka popote. Mwanga wake unatoka kama boriti nyembamba, na jicho lisipokuwa ndani ya boriti hiyo, kioo ni kioo tu. Maana yake ni kwamba aliyechora ndege ile alikuwa ameshaamua jicho la mtu litakaa wapi, akapachika kila kitu kwa kulifuata jicho. Kiti chenyewe hupandishwa na kushushwa kwa mota. Mrefu anashushwa, mfupi anapandishwa, mpaka macho yao yafike mahali pamoja. Ndege haimsogelei mtu. Mtu ndiye anayepelekwa kwenye alama.

Sikuwahi kusoma jambo kuhusu ndege likanigusa kama hilo. Nilitoka nje usiku nikazunguka uani mara mbili.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kawaida, ya ofisini kabisa. Nilikusanya picha za pembe nyingi za chumba kilekile, maana MiG-21 zimejaa makumbusho ya dunia na watu huzipiga kila kona. Nikazilisha kwenye programu ileile tunayotumia kwa picha za droni. Programu ikatafuta alama zinazoonekana kwenye picha zaidi ya moja, skrubu hii, kona ya geji ile, ikarudi nyuma kuhesabu kila kamera ilisimama wapi. Ni kazi ileile wazee wetu waliyokuwa wakiifanya kwa theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe: unasimama usipopajua, unatazama vilele vitatu unavyovijua, unapiga hesabu, unajua uliposimama. Vipimo vya milimita 80 vikanipa skeli, lakini safari hii kwenye kina chote, siyo kwenye uso mmoja. Nikapata mstari wa boriti ya kioo. Umbali wa jicho kutoka dashibodi niliumalizia kwa mkono: mtu aliyefungwa mikanda mabegani lazima afikie swichi bila kuinama. Nikapanda juu ya ngazi nikafunga uzi kwenye kenchi.

Kutoka kwenye nati hiyo kila kitu kilikaa. Mapaja yaliingia. Siwezi kusema yaliingia kwa raha. Raha haimo katika ndege ile.

Mbao zilinipa somo lao. Fremu ya pili nilitengeneza kwa mbao za paini za Mafinga, nilizozinunua Januari, mvua zikiwa zinanyesha kila mahali. Mbao za Mafinga zinakuja na baridi yake. Dodoma mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600 na kuanzia Mei hewa inakausha mpaka midomo. Ubavu wa kushoto ulijikunja milimita nne ndani ya wiki tatu, skrubu zikatoa mlio usiku kama mtu anakanyaga mahindi makavu. Seremala mmoja wa Nkuhungu alinicheka. Akasema mbao ya Mafinga ni mgeni, mwache akae sebuleni mwezi mzima kabla hujampa kazi. Sasa mbao mpya nazipanga chini ya kitanda cha wageni, zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite. Wageni hawajalalamika.

Ngozi ya ndani naivalisha kwa vipande vya aluminiamu. Mafundi wa madirisha wana mabaki mengi wanayoyauza kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu, na ukiwawahi asubuhi unachagua. Riveti ni zilezile za madirisha. Kwa macho ya mjuzi si zenyewe, za ndege vichwa vyake vimezama sawasawa na bati; lakini mjuzi wa karibu yuko mbali sana na Nzuguni.

Mahali nilipofurahi kuliko kote ni gereji ya malori, barabara ya Singida. Nilikwenda kutafuta geji ya presha. MiG-21 haitumii mafuta kwenye breki za magurudumu, inatumia upepo: kuna chupa za hewa iliyoshindiliwa, na rubani anavuta kishikio kilichopo kwenye usukani, ambao kwa ndege hii ni fimbo iliyosimama kati ya magoti, mbele ya vidole vyake, kama breki ya baiskeli. Hewa inakwenda kwenye magurudumu. Akitaka kukata kona ardhini, anakanyaga kanyagio la upande mmoja huku ameshika kile kishikio, na gurudumu la upande huo linashikwa zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza fundi haya yote taratibu, na simu mkononi kumwonyesha picha. Alisikiliza nusu. Akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Kumbe ni Fuso." Kisha akanieleza mimi kuhusu ndege yangu: kwamba lazima kuna geji mbili au yenye mishale miwili, kwa sababu dereva anataka kujua upepo uliopo kwenye chupa na upepo unaofika kwenye gurudumu, na kwamba upepo ukiisha katikati ya safari hakuna breki, utamwita Mungu wako. Nikafungua picha. Mishale miwili, kama alivyosema. Alinipa geji ya lori lililopinduka kwa shilingi 15,000, na akakataa kupokea chai.

Kishikio chenyewe nilikitoa kwenye Phoenix ya marehemu baba mkwe, kwa ruhusa ya mama mkwe. Baiskeli ya Kichina kwenye usukani wa ndege ya Kirusi ambayo Wachina waliinakili. Mtu akiniuliza kuhusu uhalisia nina la kujibu.

Huwa nasikia watu wakisema mambo ya ndege za kivita na Dodoma wapi na wapi. Waende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na mpango wao wa karanga, wakataka kulima mapori makubwa kwa mkupuo mmoja, na kwa kuwa matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, wakageuza vifaru. Vifaru vya Sherman, vilevile vya vitani, vilitolewa mizinga kiwandani Uingereza vikafanywa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Mibuyu ikavishinda. Udongo wa Kongwa kiangazi unakuwa kama sakafu ya benki, mizizi haitoki, majembe yanakatika. Mwaka 1951 mpango ukafa, na mamilioni ya pauni yakaenda nao. Kwa hiyo vyuma vya vita kufika hapa na kubadilishwa kazi na mafundi ni jambo ambalo nchi ya Wagogo ilishaliona kabla baba yangu hajazaliwa. Mimi sina hata mbuyu wa kung'oa.

Katika geji zote, ninayoipenda ni ya mafuta. Katika gari, kuna boya ndani ya tanki. Mafuta yakishuka, boya linashuka, mshale unashuka. MiG-21bis mafuta yake yamegawanywa kwenye matanki mengi yaliyobanwa kuzunguka injini, na walichofanya ni tofauti. Kuna mita kwenye bomba inayopima mafuta yanayopita, na mbele ya rubani kuna mshale unaohesabu kurudi nyuma. Kiasi cha kuanzia anakiweka rubani mwenyewe, kwa kuzungusha kitufe, kabla hajaruka. Nilipolielewa nilicheka kwa sauti: ni LUKU! Umeingiza yuniti, zinahesabiwa kushuka. Tofauti ni kwamba ukiingiza namba ya uongo, mita itakuhesabia uongo huo kwa uaminifu mpaka injini inyamaze. Rubani anaweza kuwa na mshale unaomwambia ana lita mia tano na matanki matupu nyuma ya mgongo wake. Nimetengeneza ya kwangu kwa mota ndogo ya hatua na Arduino, kibodi kidogo cha kompyuta kinachoiamuru mota, na nimeifanya iwe vilevile, haijui chochote isipokuwa ulichoiambia.

Na ule mstari mweupe? Haukusahauliwa na fundi rangi. Ndege ikikosa nguvu ya kuelea na kuanza kuzunguka ikishuka, kama pia iliyorushwa vibaya, mtu aliye ndani hupotewa. Anga na ardhi vinabadilishana, mwili unavutwa huku na huku, na mkono haujui tena katikati ni wapi. Hapo rubani amefundishwa asitafute upeo wa macho, atafute mstari. Ausukume usukani mbele mpaka uguse mstari mweupe, basi, usukani uko katikati. Nilipofika kuuchora, nilishusha timazi kutoka kwenye nati ya jicho, nikapiga alama, nikabandika selotepu pande mbili, nikapaka. Ilichukua dakika kumi na ndiyo kitu pekee katika chumba kile ambacho sijarudia.

Geji halisi ninayo moja tu, saa. Inaitwa AChS-1, ni saa ya kutia ufunguo kwa mkono, ndani yake mna saa tatu: ya kawaida, ya kuhesabu muda wa safari, na ya sekunde. Zilifungwa kwenye ndege na helikopta nyingi za Kisovieti, kwa hiyo bado zinapatikana na bei yake mtu wa mshahara anaweza kuivumilia. Ila kabla ya kununua nililala usiku kadhaa nikisoma, na ninalisema hili kwa mtu yeyote atakayetaka kunifuata. Geji nyingi za ndege za zamani, za Kirusi na za Kiingereza vilevile, mishale na namba zake zilipakwa rangi yenye radiamu ili ziwake gizani. Mtu huitazama gizani, anaona haiwaki, anasema imeisha. Haijaisha. Kilichochoka ni unga uliokuwa ukigeuza mionzi kuwa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu. Kuifungua geji ya namna hiyo mezani, ukapuliza vumbi lake, ni kujitafutia maradhi ya mifupa. Tena mionzi nchini ina sheria zake na Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo inayozisimamia. Si kitu cha kupitisha ndani ya soksi. Nilitafuta saa ya toleo la baadaye lenye rangi nyeupe ya kawaida, nikamwomba muuzaji aiweke mbele ya kipima mionzi na kunitumia video. Alifanya. Geji zilizobaki nachapisha sura zake kwenye karatasi ya picha. Na kiti cha kujirusha ni plaiwudi na mito, na vile vishikio vyekundu katikati ya mapaja ni bomba la maji la nusu inchi. Kiti halisi kina baruti. Stoo yangu iko ukuta mmoja na jiko.

Hatimaye maneno yalisambaa mtaani. Mjumbe alikuja Jumapili, "Mbukwenyi!" mlangoni, akakaribishwa, akanywa chai, akauliza habari za watoto wote mmoja mmoja, na glasi ya pili ilipokaribia kwisha akasema amesikia naunda ndege. Nikampeleka stoo. Aliangalia kwa muda mrefu, akaizunguka, akainama nyuma. "Haina mabawa," akasema. Haina, mzee. "Na injini?" Haina. Niliongeza kwamba sijaweka rangi wala alama yoyote ya jeshi na sitaweka. Mambo ya mavazi na alama za jeshi kwa raia tunayajua. Alionekana kuridhika na wakati huohuo kama mtu aliyedhulumiwa.

Aliyefuata alikuwa mzee jirani yetu wa nyumba ya tatu. Huyu alipigana Vita vya Kagera. Kwa miezi yote alikuwa akipita na fimbo yake, ananisikia nagonga, hasemi kitu. Nikimwamkia, "Shikamoo mzee," anajibu "Marahaba" na kuendelea. Nilidhani ana haraka. Mke wake alimwambia mke wangu kwamba haipendi ile ndege. Mwaka 1978 Idi Amin naye alikuwa na MiG, za aina ya 17 na 21, na wakati wa uvamizi zilivuka mpaka na kupiga upande wetu. Mimi katika mahesabu yangu yote ya skeli na boriti za mwanga nilikuwa sijalikumbuka hilo hata mara moja.

Mwezi uliopita alisimama mlangoni mwa stoo. Akasema, "Sisi tuliiona tumbo tu." Kisha akauliza kama anaweza kukaa.

Tulimwinua mimi na kijana wangu. Ni mfupi kuliko mimi, nati ikawa juu ya paji la uso wake. Nikamwomba asogee mbele, nikaweka mto, bado. Nikaweka gunia la ngano lililokunjwa juu ya mto. Nati ikashuka mpaka katikati ya macho yake, ikatulia pale. Nikawasha taa ya kioo na duara la mwanga likaonekana, nilijua limeonekana kwa sababu alivuta pumzi. Alikaa. Macho yakapita kwenye geji, polepole, kushoto kwenda kulia, kama anasoma majina kwenye mnara.

"Bomu anaangushia wapi?"

Nikamwonyesha kitufe kwenye usukani, chini ya kifuniko kidogo. Akakifungua kifuniko kwa ukucha. Akaweka kidole gumba juu yake, hakubonyeza, akakiacha pale kwa muda. Kisha akafunga kifuniko.

"Kadogo hivi," akasema. Akaomba maji ya kunywa, na tumsaidie kushuka.